Wanamuziki wa Gusii wasiwafungie vijana mlango

Mwanamuziki wa Gusii, baada ya kuibiwa jasho lake kwa miaka mingi, hatimaye ameshika ufunguo mkononi. Anaweza leo kuamuru wimbo wake uondolewe kwenye intaneti, usikilizwe na waliolipa tu, au usikike kwa nusu dakika kwenye simu ya mtu anayesubiriwa apokee. Uwezo huo hakupewa kwa hisani. Aliupigania, na sitakuwa miongoni mwa wale wanaomtaka aurudishe. Ninalotaka kuuliza katika safu hii ni jinsi ufunguo huo unavyotumiwa huku kwetu Kisii na Nyamira, na ni nani hasa anayejikuta nje mlango unapofungwa. Nina hofu kwamba mwizi ana madirisha yake ya kupitia, na anayebaki uani ni msichana wa miaka 15 wa Keroka au Nyansiongo ambaye hakuwa na nia ya kumwibia mtu yeyote.

Mgala muue na haki yake mpe. Tuanze basi na haki ya mwanamuziki. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka jinsi kaseti zilivyorudufiwa madukani mchana kweupe katika miaka ya themanini na tisini. Kaseti moja halali ilizaa haramu zisizohesabika, na mwenye wimbo akaambulia sifa za harusini. Baada ya kaseti zikaja sidii, kisha flashi. Hata sasa, kijana mwenye kompyuta kando ya kituo cha matatu anaweza kukujazia nyimbo mia kwenye flashi kwa bei ya chai na mandazi, wala senti moja haimfikii aliyetunga. Chama cha Hakimiliki ya Muziki, MCSK, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1983, kimelalamikiwa na wanachama wake miaka nenda miaka rudi, hata mwaka 2017 kikanyimwa leseni ya kukusanya mirabaha. Huduma ya Skiza ya Safaricom, iliyoanza mwaka 2009, ilileta pesa, lakini ugomvi juu ya mgao wake ulidumu hadi sheria ya hakimiliki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 na kutamka kwamba fungu la msanii lisipungue asilimia 52. Mtu aliyepitia hayo yote akiona wimbo wake umepakiwa kwenye chaneli ya mtu asiyemjua, huku matangazo ya biashara yakipita juu yake, atafanya nini kama si kudai uondolewe? Mimi pia ningedai.

Hata hivyo, kuna jambo limebadilika ambalo, kwa maoni yangu, hatujalipima sawasawa. Nilipokuwa mtoto redio ilikuwa moja nyumbani, nayo ilikuwa ya baba. Matangazo ya Ekegusii yalitufikia kutoka Kisumu kwa saa chache, na katika saa hizo sote tulisikia yale yale: mzee, mama, kijakazi, mtoto wa chekechea na ndama nje ya dirisha. Sikuuchagua muziki wa Christopher Monyoncho na bendi yake ya Riakimai. Ulinikuta nikimenya ndizi. Nilijua mafumbo yake kabla ya kujua maana yake, na maana ikaja yenyewe kadiri nilivyokua. Katika mazingira hayo, kama mtayarishaji fulani alikataa kuuza kaseti, au kama nakala zilikwisha sokoni, kijana hakupoteza kila kitu, kwa kuwa wimbo ulikuwa na njia nyingine ya kumwingia sikioni.

Leo kila mtoto ana redio yake masikioni. Stesheni za Ekegusii zipo, tena saa 24. Egesa FM na Minto FM zinafanya kazi ya maana, na wazee wetu hawazizimi. Lakini waulize wanafunzi wa sekondari ni lini mara ya mwisho walikaa na redio kusubiri wimbo. Kijana wa sasa hasubiri wimbo. Huutafuta, au hupendekezewa na programu ya simu kulingana na alichosikiliza jana. Wimbo usiokuwepo hautafutiki wala haupendekezwi. Hawezi kuchukua kipande chake akakichezea ngoma na kuwarushia rafiki zake, na hiyo ndiyo njia ambayo nyimbo nyingi husambaa katika umri huo. Kwa hiyo kufuli ile ile ambayo mwaka 1985 ilimzuia mnunuzi mmoja, leo inazuia kizazi kizima, na kizazi hicho hakijui kwamba kimezuiliwa. Hakuna anayemlilia asiyemjua.

Wengine watasema: hasara iko wapi? Vijana wana muziki wao, na kila zama zina nyimbo zake. Hoja hiyo ingenitosha kama tungekuwa tunazungumzia Kiingereza au hata Kiswahili. Tunazungumzia Ekegusii. Katika sensa ya mwaka 2019 Abagusii walikuwa watu milioni 2.7, idadi ambayo si haba, lakini idadi ya watu wa kabila si idadi ya watoto wanaoirithi lugha. Shuleni, mtaala wa umilisi unaipa lugha ya mama nafasi katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha inasindikizwa mlangoni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaiagiza Serikali kukuza na kulinda lugha za kiasili. Agizo ni zuri, ila kitabu cha Ekegusii cha kumfaa kijana wa miaka 16 ni adimu kuliko mvua ya Januari. Baada ya darasa la tatu, mwalimu wa Ekegusii aliyebaki ni bibi, na kama bibi yuko mbali, ni wimbo.

Kuna sababu nyingine, na hapa naomba wasomaji wasio wanaisimu wanivumilie kidogo. Ekegusii kina irabu 7, lakini maandishi tuliyorithi yana herufi 5 tu za irabu. Herufi e inabeba sauti mbili, na herufi o vivyo hivyo. Toni nayo haiandikwi kabisa. Msomaji aliyekulia katika lugha hujaza mapengo hayo bila kujitambua, kama vile mtu anavyopita gizani katika nyumba aliyozaliwa. Mtoto wa Kisii aliyezaliwa Nairobi, Nakuru au Minneapolis hana nyumba hiyo kichwani. Mpe kitabu, atasoma irabu 5 za Kiswahili na kuamini kwamba amesoma Ekegusii. Mpe mwimbaji wa zamani mwenye matamshi yaliyokomaa, na ndani ya mwezi mmoja sikio lake litaanza kutenga e na e. Kweli, muziki huipinda toni ili ifuate lahani, lakini irabu hubaki, na pamoja na irabu hubaki maneno. Neno egesarate, kwa mfano, ambalo ni kambi ya vijana waliolinda ng'ombe, halina kazi tena katika maisha ya kila siku, kwa kuwa Waingereza walizivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno ya namna hiyo huishi katika hadithi na katika nyimbo, au hayaishi.

Nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa isimu kazi ya kunakili na kuchanganua maneno ya wimbo mmoja wa lugha ya kwao, wenye umri mkubwa kuliko wao. Wanafunzi wa Dholuo na wa Gikuyu hunijia wakiwa na nyimbo za kuchagua. Wale wa Ekegusii aghalabu huomba ruhusa ya kutumia wimbo wa mwaka jana, kwa kuwa ule wa zamani wameupata vipande vipande, au wameupata bila jina la mwimbaji, au waliuona muhula uliopita na sasa hauonekani. Si wavivu. Kuna wakati kiungo walichoninakilia kwenye karatasi hufungua ukurasa unaosema kwamba video imeondolewa kwa madai ya hakimiliki, na hapo zoezi linaishia.

Pengo hilo halikai tupu. Anayeacha mlango wazi ndiye anayeingiliwa. Jina la Ekegusii ambalo kijana wa Mombasa au Eldoret atakutajia haraka leo ni Embarambamba, mwimbaji wa nyimbo za injili anayejigaragaza matopeni na kukwea miti mbele ya kamera, ambaye mwaka 2025 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilimtaka aondoe baadhi ya video zake. Simtaji ili kumdharau. Ana bidii, na anaelewa soko lake kuliko wengi wetu tunaomcheka. Nasema tu kwamba kijana akijengewa picha ya muziki wa Gusii kutokana na kile kinachopatikana bila kizuizi, picha hiyo haitakuwa na obokano ndani yake, wala Riakimai, wala kina mama wa ribina.

Sasa tuutazame ufunguo wenyewe jinsi ulivyochongwa, maana hapa ndipo lawama zangu zinapohama kidogo kutoka kwa mwanamuziki. Katika YouTube kuna mtambo unaoutambua wimbo hata ukipakiwa na mgeni. Mwenye hakimiliki aliyepewa mtambo huo ana njia tatu: auzuie wimbo, auache ubaki huku mapato ya matangazo yakimjia yeye, au auache na kuhesabu tu wasikilizaji. Njia ya pili ni ya busara sana. Shabiki anabaki na wimbo wake, kijana anausikia, mwenye mali analipwa. Lakini mtambo huo hupewa kampuni kubwa zenye hazina kubwa ya nyimbo. Mwanamuziki wa Ogembo mwenye nyimbo 12 hana budi apitie kwa kampuni ya usambazaji, ambayo pengine hajapata kuisikia. Asipofanya hivyo, amebakiwa na fomu ya malalamiko, na fomu hiyo ina tokeo moja: wimbo uondolewe. Maonyo matatu katika siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima. Tufikirie basi mwalimu mstaafu ambaye kwa mapenzi yake amehamisha santuri zake za miaka ya sabini kwenye kompyuta na kuzipakia. Watu watatu wakilalamika, nyimbo nyingine 30 ambazo wenyewe hawakulalamika, na wengine hawajui hata kama zipo, zinakwenda na maji. Mkubwa amepewa sanduku la vifaa. Mdogo amepewa nyundo, halafu tunashangaa anapigapiga.

Tena mara nyingi anayeshika nyundo si mwanamuziki. Nyimbo nyingi za Ekegusii zilirekodiwa na watayarishaji wa Nairobi kwa mapatano ya mdomo au ya karatasi ambayo mwimbaji hakubaki na nakala yake. Sheria yetu inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hesabu hiyo, haki ya mtayarishaji katika rekodi nyingi za miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini imekwisha, ilhali haki ya mtunzi na warithi wake ingali hai. Ni familia ngapi za Gusii zinazoijua tofauti hiyo? Kuna wajane wanaoamini kwamba hawana lao, na kuna wenye maduka wanaoendelea kutisha watu kwa karatasi iliyokwisha nguvu.

Na fedha? Hapa nawaomba wanamuziki wapige hesabu bila hasira. Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, tangu mwaka 2024 haiulipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. YouTube hairuhusu chaneli kugawana mapato ya matangazo kwa njia ya kawaida mpaka ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Vipimo hivyo viliwekwa na watu ambao hawana habari na lugha ya watu milioni 2.7, na vinastahili kupingwa. Lakini maadamu vipo, wimbo uliofichwa hauna matumaini ya kuvifikia. Anayeuficha halindi mapato, kwa sababu mapato bado hayajazaliwa. Skiza nayo humlipa, naam, lakini kipande cha kiitikio kinachosikika hadi simu ipokewe hakimfundishi kijana ubeti wa pili.

Mfano wa kutosha tunao kutoka Marekani. Kundi la De La Soul lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989, ikasifiwa na kila aliyeandika juu ya muziki wa rap. Lakini kwa sababu ya mizozo na kampuni iliyoshika rekodi, na vibali vya vipande vya nyimbo za wengine walivyovitumia, albamu zao za mwanzo zilikosekana katika huduma za kusikilizia muziki za intaneti hadi Machi 2023. Mwaka 2014, kwa kuchoshwa na hali hiyo, waliwagawia mashabiki nyimbo zao bure kwa siku moja. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 walikua wakilisikia jina katika maneno ya wakubwa tu. Mlango ulipofunguliwa, mmoja wa wasanii watatu wa kundi hilo alikuwa amefariki wiki chache kabla. Hao ni watu wa lugha isiyo na hatari yoyote ya kufa, wenye mawakili na mashabiki dunia nzima. Sisi tukifungiwa nje miaka 20, wakati wa kufungua huenda pasiwe na anayeelewa kinachoimbwa.

Nimeulizwa na mwenzangu mmoja wa idara ya fasihi: je, kila wimbo uwe wazi kwa kila mtu? La hasha. Abagusii walikuwa na taratibu za kudhibiti nyimbo kabla ya hakimiliki kuandikwa. Esimbore ni wimbo wa jando. Ulikuwa na msimu wake, waimbaji wake na watu wasiopaswa kuusikia. Nikiikuta leo video ya esimbore imepakiwa na mtu wa kutafuta watazamaji, sioni ubaya wazee wakidai iondolewe, na Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inawapa pa kuanzia. Lakini angalia tofauti. Katika jadi, mtoto alizuiliwa wimbo kwa sababu siku yake ilikuwa haijafika, na ilipofika aliingizwa na kufundishwa. Kizuizi kilikuwa sehemu ya kurithisha. Kizuizi cha sasa hakina siku ya kuingizwa.

Kwa jirani zetu wa Kericho, Hugh Tracey alirekodi mwaka 1950 wimbo wa Wakipsigis wa Kapkatet ambao umejulikana duniani kwa jina Chemirocha. Rekodi ilihifadhiwa Afrika Kusini, ikasikilizwa na wataalamu wa mabara yote, na ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60 ndipo nakala zikarudishwa kijijini, katika miaka ya 2014 na 2015, kwa ushirikiano na Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music. Jambo hilo lanitia wivu na uchungu kwa pamoja. Sisi hatuhitaji meli wala ndege. Nyimbo ziko Daraja Mbili, ziko Kebirigo, ziko ndani ya masanduku ya kaseti chini ya vitanda. Na palipo na nia vijana husikiliza: Grandmaster Masese analipiga obokano, chombo kile cha nyuzi 8 chenye sauti nzito, pamoja na ushairi wake mbele ya vijana wa Nairobi, na hawamkimbii.

Ombi langu kwa wanamuziki ni kwamba, kabla ya kuagiza wimbo uondolewe kwa mtu mwingine, wapakie kwanza nakala yao wenyewe, iliyo safi, yenye jina la mtunzi, mwaka na majina ya wapigaji, na chini yake maneno yote ya wimbo kwa Ekegusii. Wakishafanya hivyo, na waondoe za wezi watakavyo; kijana atakuwa na pa kwenda. Mauzo ya kupakua, Skiza, harusi na mikutano ya siasa vibaki na bei yake. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo kila mwaka hutenga fedha za utamaduni, zingewalipia wanamuziki wadogo usajili kwa msambazaji mmoja mwenye mtambo ule wa kudai mapato badala ya kufuta. Gharama yake ni ndogo kuliko ya hema na viti vya sherehe moja.

Walimu nao wasisubiri kaunti. Mwalimu wa Manga au Kenyenya anaweza kumwendea mwanamuziki wa lokesheni yake na kumwomba kibali cha maandishi, wimbo mmoja kwa mwaka, usikilizwe darasani na katika chama cha lugha. Wanafunzi wayanakili maneno, waweke alama juu ya zile e na o zinazotofautiana, wawaulize wakubwa nyumbani maana ya maneno yaliyowashinda, kisha nakala iliyosahihishwa wamrudishie mwenye wimbo aiambatishe na rekodi yake. Kazi hiyo haihitaji wakili wala mfadhili. Inahitaji karatasi, simu moja ya kuazima na alasiri mbili. Inahitaji pia kufanywa upesi, kwa kuwa waliokuwa vijana wenye magitaa katika miaka ya sabini sasa wana umri wa miaka 70 na zaidi, na wengi wao ndio pekee wanaokumbuka nani alitunga nini.